NASCAR si kukata kushoto tu

"Magari yanazunguka, yanakata kushoto, basi." Ndivyo wengi wanavyosema wakitazama mbio za NASCAR za Marekani kwa mara ya kwanza. Kwanza, si hivyo kila mahali: njia za mbio za Sonoma na Watkins Glen zina kona za kulia pia. Lakini hata palipo na kushoto tupu, mchezo uko kwingine.

Chukua Daytona, njia ya maili 2.5, yaani kama kilomita 4, yenye kona zilizoinuka nyuzi 31. Pale anayepiganwa naye ni hewa. Gari la mbele linaipasua, la nyuma linapata wepesi. Na la nyuma nalo, kwa kukaa pale, linampunguzia wa mbele nguvu inayomvuta kurudi nyuma. Ndiyo maana magari mawili yaliyofuatana huenda kasi kuliko moja lililo peke yake. Dereva akichomoka kwenye msururu ili apite, halafu asipate wa kumfuata, msururu mzima unaweza kumwacha. Unamhitaji mtu yule yule unayetaka kumshinda. Siasa tupu!

Bristol, ambako mzunguko hata maili moja haufiki, ni habari ya kubanana na kugongana mabega.

Kwa hiyo mgeni asimkodolee macho anayeongoza peke yake. Aangalie nani ana tairi mpya. Tairi zikichakaa gari linateleza kwenye kona, na aliyebadilisha mizunguko michache iliyopita anakuja taratibu kutoka nyuma.