Boksi lenye lakiri halijathibitisha matokeo: maelezo kwa vyama vya ushirika

Msimu wa mikutano mikuu ya uchaguzi ukifika, malalamiko yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha ukaguzi hapa Moshi hufanana: "Kura zimeibwa, zihesabiwe upya." Tukiuliza karatasi ziko wapi, tunaambiwa zimebaki kwa meneja, boksi lilishafunguliwa, vishina (vipande vinavyobaki kitabuni karatasi ya kura inapochanwa) havionekani. Ndugu wanachama, kuhesabu upya karatasi ambazo hakuna anayejua zililala wapi kunaonyesha tu kilichomo ndani ya boksi leo.

Wengi wanaamini kwamba kura ikipigwa kwa karatasi, imetosha. Haitoshi. Malawi walipiga kwa karatasi Mei 2019. Februari 3, 2020 mahakama ikafuta matokeo ya urais, na miongoni mwa sababu ni fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Karatasi huwa ushahidi pale tu inapolinganishwa na fomu mbele ya pande zote.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuhesabu. Msimamizi aandike idadi ya karatasi zilizochapwa, zilizotolewa, zilizoharibika zikarudishwa, na zilizobaki. Zilizotolewa, ukiondoa zilizorudishwa, zilingane na zilizomo ndani ya boksi. Vishina navyo vilingane na karatasi zilizotolewa, na wapiga kura walingane na majina yaliyowekewa alama kwenye daftari la wanachama. Ikipungua moja, huenda mtu ametoka kwenye kituturi na yake mfukoni, iandikwe. Ikizidi hata moja, hesabu isimame mpaka ielezwe. Namba ya lakiri iandikwe boksi linapofungwa na linapofunguliwa, mawakala wote wasaini, na asiyetaka kusaini aandike sababu zake.

Tunavishauri vyama viweke kwenye masharti yao kwamba msimamizi anayefungua boksi peke yake anaondolewa siku hiyo hiyo, na kwamba kituo kisicho na fomu ya ulinganisho wa hesabu hizo kinarudia kupiga kura. Tukisema hivyo tunaambiwa sisi ni wakali. Lakini adhabu isiyoandikwa kabla ya uchaguzi haitekelezeki baadaye, kwa sababu wakati huo imeshapata jina la mtu na ukoo wake.

Chama cha wanachama mia tatu hakihitaji sampuli, yaani kukagua karatasi chache kwa niaba ya zote: hesabuni zote mara mbili, kwa timu mbili tofauti, mwende nyumbani. Sampuli ni ya chaguzi kubwa. Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kuitumia jimbo zima Novemba 2017, kwa njia iliyobuniwa na Philip Stark, mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Dadu zenye pande kumi hurushwa hadharani, na namba zinazotoka ndizo zinazoongoza ni karatasi zipi zichotwe kukaguliwa.

Idadi ya kukagua hutegemea zaidi pengo la wagombea kuliko wingi wa wapiga kura. Mkichota karatasi moja moja kwa bahati nasibu, na kukubali hatari isiyozidi asilimia 5 ya kupitisha mshindi asiye halali, ushindi wa 60 kwa 40 huthibitika kwa wastani wa karatasi kama 150. Ukiwa 55 kwa 45, ni kama 600. Ukiwa 51 kwa 49, ni kama 15,000, na hapo mara nyingi ni nafuu kuhesabu zote. Sampuli ikishindwa kuthibitisha, msibishane: hesabuni zote kwa mkono.

Utaratibu wa kipi kitangulie ndio unaokosewa zaidi. Matokeo ya kila boksi yabandikwe kwanza, ndipo bahati nasibu ichezeshwe. Mnunuzi makini wa kahawa hachomi bambo, chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia aliloonyeshwa na muuzaji. Bado wapo viongozi wanaotuletea boksi "la mfano", limepangwa vizuri kabisa. Tunalirudisha.

Wengine wanaomba namba ya uanachama iandikwe kwenye karatasi ili kura ifuatiliwe. Hapana. Kura ni siri, na mwanachama anayejua kwamba mwenyekiti ataiona yake hatapiga anavyotaka. Karatasi zikishahesabiwa, fungeni mafungu ya hamsini hamsini, namba iwekwe juu ya fungu, si kwenye karatasi.

Baada ya hapo boksi lifungwe kwa kufuli mbili, funguo zishikwe na mawakala wa wagombea wanaopingana, na lisifunguliwe mpaka muda wa kuweka pingamizi uishe. Meneja hana ufunguo wa tatu.