Cheti cha eCitizen hakilindi jina la bidhaa yako

"Wakili, jina ni langu. Nimelisajili, cheti hiki hapa." Nimeyasikia maneno haya Nakuru, nimeyasikia Kisumu, na karibu kila mara mteja huwa amekuja na karatasi mbili. Moja ni cheti. Ya pili ni barua ya mawakili wa kampuni nyingine inayomtaka aache kutumia jina hilo mara moja.

Cheti cha jina la biashara, kile kinachotolewa na BRS (idara ya serikali ya Kenya inayosajili biashara) kupitia tovuti ya eCitizen, kinaeleza ni nani anayefanya biashara kwa jina gani, basi. Benki itakufungulia akaunti na kaunti itakupa leseni. Ni kama kitambulisho: kinasema wewe ni nani, hakisemi shamba ni lako. Hati ya shamba, yaani usajili wa jina la bidhaa kama alama ya biashara, hutoka KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Daftari za BRS na za KIPI ni mbali mbali, na BRS kulikubali jina lako si kinga ukishtakiwa na aliyelisajili KIPI. Na kabla hujaniuliza: kuwa na kampuni ya limited hakubadilishi lolote hapa.

Tuseme unatengeneza mtindi Njoro, na jina ulilisajili BRS mwaka 2019. Mwaka 2022 mtu wa Eldoret anapeleka jina lilo hilo KIPI, kundi la 29 (bidhaa husajiliwa kwa makundi yenye namba), ambamo maziwa na mtindi huingia. Ombi lake linatangazwa kwenye jarida la KIPI na anayetaka kupinga ana siku 60. Wewe jarida hilo hulisomi (nani hulisoma, isipokuwa sisi tunaolipwa kulisoma?). Siku zinapita, anapewa alama kwa miaka 10, na anaweza kuihuisha kila miaka 10 bila kikomo. Kisha barua inakufikia: toa vikopo madukani, badilisha lebo, lipa fidia.

Hapo hujamalizika. Sheria inamlinda aliyekuwa akiitumia alama mfululizo kabla mwenzake hajaanza kuitumia wala kuisajili. Lakini uthibitishe, na hapo ndipo wengi huanguka. Ziko wapi ankara za mtindi uliopeleka kwa duka la Naka mwaka ule wa kwanza? Risiti ya aliyekuchapia lebo? Taarifa za M-Pesa? Nawaambia wateja mpaka wananichoka: nunueni faili, wekeni ankara humo. Cheti cha BRS hakithibitishi kwamba uliwahi kuuza hata kikopo kimoja.

Bora zaidi, omba KIPI wakuangalizie kama jina limeshasajiliwa na mwingine, kabla hujachapisha lebo hata moja. Watu hutumia pesa nyingi kwa mchoraji na mchapishaji, halafu huona ada ya KIPI ni ghali! Ukisajili, kumbuka ulinzi unafuata kundi ulilolipia. Anayeuza unga kwa kundi la 30 hajajilinda kwenye fulana, ambazo ni kundi la 25. Na uitumie hiyo alama: ikikaa miaka 5 mfululizo bila kutumika, mtu anaweza kuomba ifutwe.

Viko na visingizio vingine ninavyovisikia. "Jina si lile lile, nimebadilisha herufi mbili." Mahakama haihesabu herufi, na ile hadithi mnayoambiana, kwamba ukibadilisha asilimia 30 uko salama, haimo katika sheria yoyote. Kinachopimwa ni kama mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka zake pale sokoni Kibuye, anaweza kudanganyika kwa macho au kwa masikio.

"Mimi ni mwenye duka tu, hizo bidhaa ghushi sikuzitengeneza." Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inafanya kuwa kosa hata kuwa nazo tu kwa ajili ya biashara. Kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja kwa kila kipande, au vyote viwili. Piga hesabu: katoni moja ya vipande 24 vya shilingi 500 ni faini ya kuanzia 36,000. Ukirudia, kifungo hufika miaka 15 na mara tatu huwa mara tano. Mtu akikupunguzia bei kupita kiasi na hana risiti, unajua vizuri anakuuzia nini.

"Picha niliitoa Google, na nikaandika jina la mpiga picha." Kumtaja si ruhusa. Muulize, au piga yako, simu unayo.

"Muziki nalipia kila mwezi." Unalipia wa kusikiliza mwenyewe. Klabu ya Kondele inahitaji leseni ya kupiga muziki hadharani, na DJ kuwa amenunua nyimbo zake hakumwondolei mwenye klabu deni hilo.