Akina Cole wa Fermanagh: ukoo wa makabaila uliofika mpaka Elmenteita

Katika vitabu vyetu vya shule, Galbraith Cole na mdogo wake Berkeley hutiwa kapu moja na Lodi Delamere, wakaitwa walowezi wa Kiingereza, basi. Delamere alikuwa Mwingereza kweli, mtu wa Cheshire. Akina Cole walitoka Fermanagh, kaskazini mwa Ayalandi, katika tabaka la makabaila wenye asili ya Kiingereza waliokalia ardhi ya Waayalandi kwa karne tatu. Kazi yangu ni historia ya ardhi ya walowezi, na kadiri ninavyosoma habari za Elmenteita, katika Bonde la Ufa la Kenya, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hazieleweki mpaka mtu apitie Fermanagh kwanza.

Fermanagh ilikuwa nchi ya akina Maguire, watawala wa Kigaeli waliokuwa na ngome yao Enniskillen, kwenye kisiwa kati ya maziwa mawili. Mwaka 1607 wakuu kadhaa wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ayalandi, Maguire mmoja akiwa kati yao, walikimbilia bara Ulaya. Mfalme James I alitwaa ardhi ya kaunti sita, akaigawa kwa Waprotestanti kutoka Uingereza na Uskoti. Askari mmoja aitwaye William Cole alikabidhiwa ngome ya akina Maguire, akajenga mji kando yake. Waayalandi walipoasi mwaka 1641, Cole aliunda kikosi chake mwenyewe na mji haukuanguka.

Humo mna habari nzima ya ukoo huu kwa miaka mia tatu iliyofuata: ardhi iliyotwaliwa, ngome ya kuilinda, na baadaye kiti bungeni cha kuihalalisha. Karne ya 18 walijenga kasri la Florence Court, lenye jina la bibi mmoja wa ukoo, Florence Wrey. Vyeo vikafuatana: Baron mwaka 1760, Viscount mwaka 1776, Earl wa Enniskillen mwaka 1789. Kiti cha Enniskillen katika Bunge la Dublin kilikuwa chao kwa maana halisi. Waliopiga kura walikuwa wajumbe wachache wa halmashauri ya mji, na wajumbe hao walichaguliwa na familia. Bunge la Dublin lilipovunjwa na Ayalandi kuunganishwa na Uingereza mwaka 1801, kiti hicho kilihamia London.

Sasa mfumo wa urithi, maana ndio uliowasukuma nje. Kifungua mimba wa kiume alichukua yote: cheo, kasri, mashamba na kodi za wapangaji. Wadogo zake walipewa jina na elimu, pengine na fedha za kununulia uafisa, kwa sababu mpaka mwaka 1871 vyeo vingi vya jeshi la Uingereza vilinunuliwa kama bidhaa. Mtu aliyelelewa katika kasri la vyumba vingi alijua tangu utotoni kwamba halitakuwa lake. Himaya ya Uingereza ilipata maofisa wake wengi kutokana na kinyongo hicho kidogo, na Ayalandi ilitoa zaidi ya fungu lake. Arthur Wellesley, aliyekuja kuwa Duke wa Wellington, alizaliwa Dublin akiwa mmoja wa wadogo wa namna hiyo.

Galbraith Lowry Cole, mtoto wa pili wa Earl wa kwanza, alizaliwa mwaka 1772. Alimposa Kitty Pakenham, binti wa tabaka lao, akakataliwa. Kitty aliolewa na Wellesley mwaka 1806, ndoa iliyokosa raha. Miaka michache baadaye Cole alikuwa chini ya Wellesley huyo huyo huko Hispania, akiongoza Divisheni ya Nne, na sioni dalili kwamba posa ile iliharibu kazi.

Siku yake kubwa ilikuwa Albuera, tarehe 16 Mei 1811. Amiri jeshi wa siku hiyo alikuwa Beresford, naye mtoto wa kabaila wa Ayalandi, ila wa nje ya ndoa. Wafaransa walizunguka ubavu wa kulia na kusaga brigedi moja ya Waingereza karibu yote. Beresford alisitasita. Ofisa kijana, Henry Hardinge, alimwendea Cole na kumhimiza asogee, na Cole akasogeza divisheni yake bila amri ya mkubwa wake. Brigedi yake ya wapiga bunduki ilipanda mlima dhidi ya Wafaransa waliokuwa wengi zaidi, ikawavunja, lakini zaidi ya nusu yao waliuawa au kujeruhiwa. Cole mwenyewe alijeruhiwa. Jumla Waingereza walipoteza karibu watu 4,000 kati ya takriban 10,000. Waandishi wa kijeshi wanasifu uamuzi ule kama ushujaa. Nami nausifu, lakini naona ndani yake tabia ya mtu aliyezoea kwamba amri ya mkubwa aliye mbali inaweza kusubiri, na tabia hiyo tutaikuta tena.

Waterloo ilimpita. Alioa tarehe 15 Juni 1815, siku tatu kabla ya vita.

Kisha akawa gavana, na hapa historia yake inagusa pwani yetu. Mwaka 1823 alipelekwa Morisi. Mwaka mmoja kabla yake Kapteni Moresby alikuwa ametiliana saini na Sultani Said mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa, na Morisi ilikuwa imepokea watumwa wengi kutoka Afrika Mashariki na Madagaska. Februari 1824 Kapteni Owen aliingia Mombasa, akawakuta akina Mazrui chini ya Suleiman bin Ali wakimkataa Sultani Said na kuomba bendera ya Uingereza. Owen akatangaza ulinzi kwa mamlaka yake mwenyewe, akamwacha Luteni Reitz. Reitz alifariki mwaka huohuo, na jina lake bado liko Port Reitz. Bandari ya Uingereza iliyokuwa karibu ilikuwa Port Louis, huko Morisi, na gavana wa huko alikuwa Cole. Yeye hakuwa na haraka ya kubeba mzigo wa Owen. Mwaka 1826 London iliiondoa bendera ile, na Mombasa ikabaki kugombaniwa na akina Mazrui na Sultani. Kwa hiyo Cole wa kwanza kuingia katika historia ya Kenya hakuja kuchukua kitu. Aliacha kipite.

Huko Morisi kwenyewe, mwaka 1825 ushuru wa sukari ya kisiwa uliteremshwa ulingane na ule wa sukari ya Karibi, miwa ikafunika mashamba, na waliolima walikuwa watumwa mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1835.

Kutoka Morisi alihamishiwa Rasi ya Tumaini Jema, alikokuwa gavana kuanzia 1828 mpaka 1833. Wenyeji wa Cape Town wanamkumbuka kwa Sir Lowry's Pass, njia ya mlimani iliyofunguliwa mwaka 1830. Wakhosa wana sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwaka 1829, chini ya serikali yake, Chifu Maqoma na watu wake walifukuzwa bonde la mto Kat, na bonde likagawiwa Wakhoikhoi ili wawe ngao kati ya koloni na Wakhosa. Kuondoa watu kwenye bonde zuri, kuweka wengine wanaokutegemea, kuwapa silaha walinde mpaka: babu yake William angeutambua mpango huo mara moja.

Nyumbani Enniskillen walimjengea mnara mrefu wa mawe wenye ngazi 108 ndani. Bado upo.

Earl wa tatu nitampitia haraka, ingawa ndiye ninayempenda zaidi. Aliishi kwa shauku mbili: visukuku vya samaki, ambavyo alikusanya mpaka mkusanyo wake ukaingia Jumba la Makumbusho la Uingereza, na Chama cha Orange cha Waprotestanti, alichokiongoza kwa miaka 40, tangu 1846 mpaka kifo chake mwaka 1886. Sijui mtu mwingine aliyeweza kujaza maisha yake kwa samaki wa mawe na magwaride ya kumkumbuka Mfalme William III, shujaa wa Waprotestanti hao.

Lakini chini ya miguu yake ardhi ilikuwa inateleza. Mwaka 1872 kura ikawa ya siri, na mpangaji hakuhitaji tena kumpigia mwenye shamba mbele ya msimamizi wa shamba. Mwaka 1881 sheria iliwapa wapangaji haki ya kodi nafuu. Mwaka 1885 kiti cha Enniskillen kilifutwa, haki ya kura ilikuwa imepanuliwa, na viti vyote viwili vya Fermanagh vilichukuliwa na wazalendo wa Ayalandi, kimoja akikikalia William Redmond. Aliyekuwa mbunge wa mwisho wa kiti kile cha familia alikuwa mrithi wa Earl. Halafu mwaka 1903 serikali ya Arthur Balfour ilipitisha sheria ya kuwakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba, na kuwapa makabaila nyongeza wakikubali kuuza. Mali ya akina Cole huko Fermanagh, takriban ekari 30,000, ilikuwa na kesho fupi.

Ni miaka hiyohiyo, chini ya Balfour huyohuyo, ardhi ya nyanda za juu za Kenya ilipoanza kugawiwa Wazungu. Florence Cole, binti wa Earl wa nne, alikuwa ameolewa na Delamere mwaka 1899. Kaka zake Galbraith na Berkeley walikuwa wamepigana Vita vya Makaburu katika vikosi vya wapanda farasi. Walimfuata dada. Delamere alipata ekari 100,000 huko Njoro. Yaliyokuwa yanakufa Fermanagh yalikuwa yanazaliwa Bonde la Ufa: shamba kubwa lisilo na sheria ya kumlinda mpangaji, na baraza la kutunga sheria, lililoanzishwa mwaka 1907, lisilo na Mwafrika hata mmoja. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Na ardhi ilitoka wapi? Agosti 1904 Wamaasai walitia saini mkataba wa kuhama Bonde la Ufa, wengine kwenda Laikipia, wengine kusini. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 serikali iliwaletea mkataba mwingine wa kuihama Laikipia pia. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakaambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, mahakama haiwezi kuigusa. Galbraith alifuga kondoo Kekopey, juu ya Ziwa Elmenteita, katika malisho waliyoyaacha Wamaasai wa 1904.

Mwaka 1911 alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, likamwachia huru. Waziri wa Makoloni huko London, Lewis Harcourt, hakukubali. Hakuweza kutengua hukumu, lakini serikali ilikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu aliyehatarisha amani ya nchi, na Gavana Girouard aliagizwa kuutumia. Galbraith alifukuzwa. Walowezi walighadhibika kana kwamba aliyedhulumiwa ni yeye. Baadaye alirejea, na simulizi maarufu husema aliingia amevaa kama Msomali. Simulizi hiyo husimuliwa kwa kicheko. Ukiisoma ukimkumbuka aliyeuawa, kicheko kinakauka.

Galbraith alioa mwaka 1917. Mkewe, Eleanor Balfour, alikuwa binti wa Gerald Balfour, aliyekuwa waziri wa mambo ya Ayalandi kati ya 1895 na 1900, na baba yake mkubwa alikuwa yuleyule Arthur Balfour.

Berkeley alikuwa wa namna nyingine: mcheshi, mgonjwa wa moyo, rafiki wa Denys Finch Hatton na Karen Blixen, na mmoja wa walioanzisha Klabu ya Muthaiga mwishoni mwa 1913. Wakati wa Vita vya Kwanza aliunda kikosi kilichoitwa Cole's Scouts, kikiwa na wapanda farasi wa Kisomali, kupambana na Wajerumani wa Tanganyika. Mwungwana kuunda kikosi kwa jina lake mwenyewe lilikuwa jambo la kawaida Fermanagh mwaka 1641. Mwaka 1915 lilikuwa tayari la kizamani. Alifariki mwaka 1925, akiwa na shamba Naro Moru.

Mwaka 1922 na 1923 walowezi waliandaa njama ya kumteka Gavana Coryndon iwapo London ingewapa Wahindi haki sawa ya kura. Wengi hulichukulia hili kama wazimu wa nyanda za juu. Mimi naliona na mfano wake wa karibu. Miaka kumi kabla, Waprotestanti wa Ulster waliunda jeshi la kujitolea kuipinga serikali yao wenyewe, huku wakiapa kwamba ni watiifu kwa mfalme, na serikali ikarudi nyuma. Kampeni ile ya Edward Carson, kiongozi wao, ilifunguliwa Septemba 1912 huko Enniskillen. Kundi dogo linaloishi juu ya ardhi ya wengine, linaloipenda himaya na kuishuku serikali yake, lilikuwa na kielelezo tayari.

Galbraith, akiwa mgonjwa wa viungo kwa miaka mingi, alijiua mwaka 1929, akazikwa Kekopey. Mwanawe David aliingia katika baraza la kutunga sheria la Kenya mwaka 1961, akatoka mwaka 1963. Mwaka huohuo wa uhuru wetu, ndugu wa baba yake aliyekuwa Earl wa tano alifariki bila mtoto wa kiume aliye hai, na mlowezi wa Elmenteita akawa Earl wa sita wa Enniskillen. Florence Court ilikuwa tayari mikononi mwa shirika la kuhifadhi majengo la National Trust, na moto wa mwaka 1955 ulikuwa umeunguza sehemu kubwa. Alihamia huko hata hivyo. Machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini yalipopamba moto miaka ya 1970 aliondoka, akaenda Uskoti. Upande wa Florence, kitukuu wake Thomas Cholmondeley alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kuua bila kukusudia, baada ya kumpiga risasi mtu katika shamba la Soysambu, pembeni mwa Kekopey, akahukumiwa miezi minane.

Anayetaka kufuatilia mwenyewe: karatasi za ukoo ziko katika Ofisi ya Kumbukumbu ya Ayalandi ya Kaskazini huko Belfast, na barua za magavana wa Kenya ziko Kew, London, katika mfululizo wa CO 533. Mwaka 1911 ni mahali pazuri pa kuanzia.