Je, wajua kwa nini PS4 Pro haikupewa gemu zake peke yake?

PS4 Pro, toleo lenye nguvu zaidi la mashine ya gemu ya Sony iitwayo PS4, ilipoingia madukani Novemba 2016, niliamini kabisa kwamba Sony wanatubania. Mashine ya dola 399, yenye nguvu zaidi ya maradufu ya ile ya 2013, halafu haina hata gemu moja ya kwake! Sharti lao lilikuwa wazi: gemu yoyote itakayotoka kwa Pro lazima icheze na kwenye PS4 ya kawaida. Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa nazo zote mbili juu ya meza moja. CD ya mpira ilichomolewa huku ikachomekwa kule, na kilichobadilika ni majani ya uwanja kuonekana vizuri zaidi. Nikasema nguvu zimefungwa makusudi ili wenye mashine za zamani wasilalamike.

Nilikosea, na nimekutana na wengi wenye wazo hilo hilo. Tunasikia "nguvu mara mbili" tukidhani mashine nzima imekua. Kumbe kilichokua ni kiungo kimoja.

Ndani ya mashine ya gemu kuna kazi mbili kubwa. Prosesa huamua: adui apite wapi, mpira udunde vipi, ukuta ukigongwa ubomoke kwa namna gani. Grafiki huchora kile kilichokwisha kuamuliwa. Chukua shughuli ya harusi. Mpishi yuko nyuma na masufuria yake, na yeye ndiye mwenye kauli juu ya kitakachoiva na kiasi chake. Mbele wako wapakuaji. Sasa ongeza wapakuaji kutoka 10 hadi 23. Sahani zitapangwa vizuri, kachumbari itakaa mahali pake, na hakuna mgeni atakayesubiri. Lakini pilau ni ile ile. Ukitaka na biriani iwepo, na wageni wawe mara tatu, huna budi kwenda kuongea na jikoni.

Uwiano huo wa 10 kwa 23 sikuutoa hewani. Grafiki ya PS4 ilifanya hesabu trilioni 1.84 kwa sekunde. Ya Pro, trilioni 4.2. Ila mpishi hakubadilishwa. Ilibaki prosesa ya aina ile ile, Jaguar yenye viini vinane, iliyopandishwa kasi tu kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.1. Na wapakuaji wale wapya walikuwa na kazi inayowangoja: picha ya 4K, ile kali ya TV za kisasa, ina vidoti karibu milioni 8.3, wakati ile ya 1080p, ya HD ya kawaida, ina milioni 2 na kidogo. Nguvu nyingi ziliishia huko.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 2023 Phantom Liberty, nyongeza ya Cyberpunk 2077, ilitoka kwa mashine za kizazi kipya, PS5 na Xbox Series, pamoja na kompyuta. PS4 iliachwa, na Pro ikaachwa pamoja nayo. Gemu ilipozidi uwezo wa jikoni, wapakuaji hawakusaidia kitu. Hata PS5 Pro ya Novemba 2024 imefuata njia hiyo: grafiki kubwa zaidi, prosesa ya familia ile ile.

Hii haina maana kwamba mashine ya katikati ya kizazi, yaani toleo lililoboreshwa kabla mashine mpya kabisa haijatoka, haiwezi kamwe kustahili gemu zake. New Nintendo 3DS ya 2014, toleo lililoboreshwa la 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, iliguswa jikoni hasa: prosesa kutoka megahezi 268 hadi 804, memori ikawa maradufu. Ndiyo maana gemu ya Xenoblade Chronicles 3D ilicheza humo tu, si kwenye 3DS ya kawaida. Lakini gemu za namna hiyo zilikuwa chache mno, na naona mwenye 3DS ya kawaida alikuwa na haki ya kununa.

Aliyelifanya jambo hili kwa uwazi ninaoupenda ni Game Boy Color ya 1998, mashine nyingine ya mkononi ya Nintendo, yenye prosesa inayoweza kwenda kasi mara mbili ya Game Boy ya kwanza na memori ya kazi mara nne. Kama gemu zake za peke yake ziliiuza, takwimu hazionyeshi, maana Nintendo hujumlisha Game Boy zote hizo katika hesabu moja ya milioni 118 na ushei. Ila zitazame kaseti zenyewe. Nyeusi zilicheza kwenye mashine zote mbili. Za Color pekee, kama Pokémon Crystal, zilikuwa za plastiki inayoonyesha ndani, kwa hiyo mnunuzi aliitambua tofauti kwa macho tu. Na kwenye pembe ya juu hazikukatwa lile pengo dogo la kaseti za kawaida. Kwenye Game Boy ya kwanza, swichi ya kuwashia husukuma kijino kinachoingia katika pengo hilo. Pengo lisipokuwepo, kijino kinagonga plastiki, swichi haisogei, na mashine haiwaki kabisa.