Kwa nini lori la jeshi lenye kilomita chache hugoma kuliko Fuso iliyochoka?

Ukipitia matangazo ya malori yaliyostaafishwa jeshini huko Ulaya na Marekani, jicho hukimbilia kwenye kilomita. Lori lina miaka 35, dashibodi inasoma elfu ishirini na kitu. Fuso inayobeba chumvi ya Uvinza hufikisha hizo kwa miezi michache tu. Mtu anapiga hesabu harakaharaka, anajiona amepata kitu kipya kwa bei ya mtumba. Likishafika Kigoma, wiki ya kwanza tu breki zinakamata zenyewe, oili inachuruzika kila kona, na lile gurudumu lililoonekana jipya linapasukia njiani kabla hata ya kuiona Kasulu. Sasa limechakaaje, kama kazi halikufanya?

Limechakaa kwa kukaa. Jeshi hununua magari kwa ajili ya siku ya vita, kwa hiyo wakati wa amani mengi hulala ghalani, yakitolewa mara mojamoja kwa mazoezi. Kilomita huhesabu mwendo, hazihesabu miaka, na mpira, mafuta na chuma huzeeka hata kama hakuna anayevigusa.

Breki ndizo hutangulia. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hufyonza unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Lori la barabarani hubadilishwa mafuta hayo kwenye sevisi. La ghalani hukaa nayo miaka na miaka, maji yanajikusanya chini kwenye silinda za magurudumu, kutu inaota kwa ndani, pistoni zinaganda. Ndiyo sababu jeshi la Marekani, miaka ya 1980, lilihamia mafuta ya breki ya silikoni, yale ya zambarau, ambayo hayafyonzi maji. Yalichaguliwa kwa sababu ya magari yanayokaa stoo muda mrefu.

Hapo ndipo mafundi wetu hunaswa. Chupa iliyopo dukani ni DOT 3 au DOT 4, fundi anaona mafuta yamepungua, anajaziliza, kumbe mafuta hayo hayachanganyiki na ya silikoni. Kabla ya kuongeza chochote, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu moja, kinga matone machache kwenye chupa ya kioo, uyatazame juani. Zambarau ni silikoni. Manjano hafifu ni ya kawaida. Yakiwa ya hudhurungi na yana chembechembe zinazotua chini, usibishane nayo: fungua silinda zote. Kwenye M35A2, lori la Kimarekani la magurudumu sita yanayovuta yote, hili si la kuahirisha, maana breki zake za mguu ni za mkondo mmoja. Paipu moja ikipasuka, breki zote za mguu zimeondoka, na kilichobaki mkononi mwa dereva ni handibreki.

Sili za mpira nazo zina hadithi yake. Ukingo wa sili hutegemea utandu mwembamba wa oili kati yake na shafti. Shafti isipozunguka, oili inashuka, mpira unakauka na kushika umbo la pale ulipolala. Siku shafti inaanza kuzunguka, ukingo ule mgumu unachanika. Kwa hiyo gari huweza kusimama miaka 10 bila kuvuja tone, likaanza kuvuja baada ya safari moja ya Ujiji, na mwenye gari akamlaumu fundi aliyeligusa mwisho.

Kuhusu injini, pupa ndiyo huua. Betri mbili zinafungwa (malori haya ni ya volti 24, kama Scania na Fuso, hapo hakuna mgeni), kisha mtu anapiga stata palepale. Oili yote ilishashuka chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), beringi na kuta za silinda ni kavu, na pengine kuna utandu wa kutu kwenye silinda iliyoachwa valvu ikiwa wazi. Fundi anayejua kazi humwaga oili kidogo ndani ya kila silinda, anaizungusha injini kwa mkono taratibu ajue kama kuna kinachokwama, ndipo anafunga dizeli na kuizungusha kwa stata mpaka geji ya oili inyanyuke. Dizeli inaruhusiwa baada ya hapo. Ni kazi ya nusu siku, na wateja wengi huiona kama fundi anavuta muda.

Tena kuna hatari ambayo mtu aliyezoea petroli haifikirii. Injini ya dizeli haizimwi kwa kukata moto wa plagi, kwa kuwa plagi haina. Huzimwa kwa kukatiwa mafuta. Pampu ya dizeli iliyokaa miaka huganda kwa ulimbo wa mafuta yaliyozeeka, na ikiganda upande wa kumimina, injini itawaka kisha ikimbie: mzunguko unapanda, kamba ya kuzimia inavutwa bure, mpaka kitu kivunjike. Kinachobaki ni kuinyima hewa. Kwa sababu hiyo, siku ya kuwasha injini iliyolala, kofia ya filta ya hewa hutolewa mapema na mtu mmoja husimama kando ya mdomo ule na kipande cha ubao kinachouziba barabara. Mkono usijaribu, wala kitambaa, injini itavivuta.

M35A2 nyingi zina injini inayokubali dizeli, mafuta ya taa, hata petroli kwa sharti la kuichanganya. Mtu wa Kigoma akisikia hivyo hawezi kujizuia kuuliza: na mawese? Yanawaka, hilo halina ubishi. Lakini mawese ni mazito, na kwa baridi ya alfajiri hapa kwetu huanza kuganda. Yakiganda kwenye filta, lori limelala. Yakifika kwenye nozo bila kupashwa moto, hayapuliziwi kuwa ukungu kama dizeli, yanaacha masizi kwenye ringi. Mimi ningeyaacha kwenye sufuria.

Kama kuna mji usiohitaji kuelezwa kwamba mtambo wa vita huweza kulala ukafufuka, ni huu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipandevipande na kuingia majini mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani wakikimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ila wahandisi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza, wakitegemea siku moja itatolewa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa injini zake zilezile za mvuke, ambazo zilidumu mpaka zilipobadilishwa kwa dizeli miaka ya 1970. Grisi ilizuia maji na hewa visigusane na chuma. Ghala lenye bati zuri halifanyi hivyo, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia na kutoka kila usiku na mchana.

Matairi tuyamalize haraka: usitazame meno, soma tarehe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT (hapa si mafuta ya breki) ni wiki na mwaka, kwa hiyo 3108 ni wiki ya 31 ya mwaka 2008. Tairi hilo linaweza kuwa na meno kamili na bado likawa halifai kubeba hata gunia la dagaa wa Kibirizi.

Jenereta za jeshi zina maradhi hayohayo, halafu zina la kwao: huharibiwa na kazi nyepesi. Hili limekuwa letu hasa tangu Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozima majenereta ya TANESCO na Kigoma kuingia gridi ya taifa. Jenereta za watu binafsi zikabaki za akiba. Nyingi huwashwa mara mojamoja, dakika kumi, bila mzigo, ati zipashwe. Afadhali zingeachwa zimezima.

Ringi za pistoni hubanwa kwenye ukuta wa silinda na shinikizo la moto wenyewe. Mzigo ukiwa mdogo, shinikizo ni dogo na silinda haipati joto la kutosha, kwa hiyo dizeli haiungui yote. Nyingine inapenya kando ya ringi na kuingia kwenye oili, ikaizimua. Nyingine inatoka na moshi, ikaganda kwenye bomba. Utaona ute mweusi unavuja pale bomba la moshi linapoungana na injini, na watu hudhani ni oili. Kwa kawaida mafundi hawapendi jenereta ya dizeli iendeshwe muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake.

Na mtego uko kwenye bei. Mwenye friza tatu za migebuka na taa kadhaa hana hata kilowati moja ya mzigo, lakini akiona kibati cha jeshi kinasoma kilowati 30 kwa bei ya kuchekesha, anabeba. Akisome kibati hicho mpaka mwisho. Za Kimarekani nyingi ni za hezi 60 kwa mizunguko 1,800 kwa dakika. Kuishusha hadi 1,500 ili itoe hezi 50 zetu inawezekana, volti zikirekebishwa upya, ila uwezo unapungua kama sehemu moja ya sita. Kikisoma hezi 400, hiyo iliundwa kwa ajili ya rada na vifaa vya ndege. Haishuki hadi 50 kwa kugusa gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini), na cha maana humo ni injini tu.

Iliyokwisha kuvuja ute mweusi mara nyingi bado inaponyeka. Mwaga oili yote iliyoingiwa na dizeli, weka mpya, kisha ifungie mzigo wa joto: hita kadhaa za kuchemshia maji zilizozamishwa kwenye pipa lililojaa, mahali ambapo mtoto hafiki na hakuna mtu atakayetia mkono majini. Panda hatuahatua mpaka asilimia 70 hivi, uiache saa mbili au zaidi. Moshi mweupe utageuka mweusi masizi yanapoungua, na bomba linaweza kurusha cheche, kwa hiyo isiwe chini ya paa la nyasi. Baadaye moshi unapotea karibu wote. Ukiendelea kuwa mweupe, na oili mpya ikaanza kunuka dizeli tena, pipa limeshamaliza kazi yake: zitolewe nozo zikapimwe, na kama ni nzima, ifunguliwe injini zitazamwe ringi.