Daktari wa Miaka 78 na Lengo la Asilimia 80

Mwanzoni mwa 2022 daktari mmoja mstaafu wa Valencia, Hispania, alichoka. Carlos San Juan alikuwa na miaka 78 na ugonjwa wa Parkinson, na mikono ilimtetemeka mbele ya mashine ya kutolea fedha. Matawi ya benki yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na kwenye yaliyobaki kila jambo lilielekezwa kwenye simu janja. Akafungua ombi mtandaoni (kejeli yake ilionekana na kila mtu) chini ya kaulimbiu isiyohitaji ufafanuzi: "Mimi ni mzee, si mjinga." Sahihi zilipita 600,000. Akazipeleka Madrid mwenyewe, na tarehe 21 Februari 2022 vyama vya mabenki vikatia saini makubaliano mbele ya serikali: madirisha yahudumie wateja kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, wazee wapewe kipaumbele, simu zao zipokelewe na binadamu, na mashine zirekebishwe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2021, Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilikuwa imetangaza lengo lake kubwa: ifikapo 2030, watu 80 katika kila 100 wawe na angalau ujuzi wa msingi wa kidijitali. Lengo zuri. Ila takwimu zinazotumika kulipima huhesabu watu wa miaka 16 hadi 74 tu. Kwa hiyo yule daktari aliyezitikisa benki za nchi nzima hayumo kwenye hesabu. Hakufaulu, hakufeli, hayumo tu.

Mimi ni mkufunzi katika kituo cha umma cha kompyuta hapa Brussels, na sehemu ya kazi yangu ni ile ambayo asasi za Tanzania huiita uchechemuzi: kuwasumbua watunga sera kwa niaba ya watu wasiofika mezani kwao. Nimeombwa nieleze kwa Kiswahili kazi hii inafanyikaje Ulaya. Nitaanza na mama mmoja.

Kituo chetu hakiko mbali na Matonge, ule mtaa wa Ixelles uliobeba jina la mtaa wa Kinshasa. Kilingala ndicho kinachotawala barazani, lakini Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi nacho husikika. Mama huyu ni wa Bukavu, ana miaka 68. Alikuja asubuhi ya mvua na bahasha ya plastiki, ndani yake kadi ya kitambulisho na kikaratasi kilichokunjwa mara nne chenye tarakimu nne. Alitaka hati moja tu ya familia. Zamani angeipata dirishani manispaa; siku hizi unachomeka kitambulisho kwenye kisoma kadi, unaandika namba ya siri, unaichukua mwenyewe. Nilipomwonyesha kompyuta aligusa kioo kwa kidole, kama anavyofanya kwenye simu. Kioo hakikujibu. Nikamsogezea kipanya, mshale ukakimbilia pembeni, tukacheka wote wawili. Akaandika namba. Ikakataa. Akaandika tena, akiitamka kila tarakimu kwa sauti. Ikakataa. Kabla sijamzuia, akabonyeza mara ya tatu.

"Mwanangu, hii kitu inakatala tena."

Kitambulisho cha Ubelgiji hujifunga ukikosea namba mara tatu. Ile 1 ya kikaratasi, kwa mkono wa aliyemwandikia, ilikuwa 7. Ikabidi arudi manispaa kufunguliwa kadi, na manispaa ile ilikuwa inatoa miadi kupitia tovuti.

Sasa, mama huyu si mtu aliyekaa mbali na teknolojia. Tangu anaamka mpaka analala anatuma ujumbe wa sauti Bukavu, anapokea picha za wajukuu, anafuatilia misa kwa video. Lakini vipimo vya Ulaya vina nyanja tano: kutafuta na kupima taarifa, kuwasiliana, kutengeneza maudhui, usalama, na kutatua matatizo. Ili uhesabiwe una ujuzi wa msingi, lazima uwe umefanya angalau jambo moja katika kila nyanja. Mama anapita vizuri kwenye mawasiliano. Kwenye usalama anakwama, kwa sababu hajawahi kuzima ruhusa ya simu kuonyesha alipo, hajawahi kukataa vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa chako ili kukufuatilia), wala kukagua kama tovuti ni salama. Nyanja moja ikikosekana, anahesabiwa upande wa pili.

Nyanja hizo zinatoka kwenye mfumo uitwao DigComp, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2013 na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya. Una stadi 21, na toleo la 2022 liliongeza mifano zaidi ya 250, ikiwemo ya akili bandia. Wapo wanaouona ni karatasi nyingine ya ofisini. Mimi nautetea. Kabla yake, kila mradi ulikuwa na tafsiri yake ya "kujua kompyuta", na mara nyingi maana yake ilikuwa kujua kuandika barua na kutengeneza jedwali. Ukiwa na kipimo kimoja, unaweza kumwonyesha waziri pengo liko wapi. Mwaka 2023, wenye angalau ujuzi wa msingi katika Umoja wa Ulaya walikuwa takriban 56 katika 100. Uholanzi na Finland zilishavuka 80. Romania ilikuwa 28. Mwaka 2021 wastani wa Umoja ulikuwa 54. Piga hesabu ya vidole: kwa mwendo huo, 80 tutaigusa karibu na 2050.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kushangaa: Ulaya hii hii? Kuna jambo moja linalosahaulika. Pesa za simu zilipoenea Afrika Mashariki zilikuja na wakala. Kila kona yupo mtu kibandani anayekusaidia, anayekujua, anayekueleza kosa lako kwa lugha yako. Huduma za kidijitali za Ulaya zilijengwa kwa lengo la kinyume: kumwondoa mtu wa katikati. Alipoondoka karani wa benki, karani wa posta na karani wa manispaa, mzigo wao haukupotea. Ulihamia kwa watoto wa wazee, kwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa wakutubi, na kwa vituo kama chetu.

Vituo hivi vina umoja wao. Mwaka 2010 vilikuwa na mtandao hapa Brussels ulioitwa Telecentre Europe. Tangu 2017 unaitwa ALL DIGITAL, na kila mwaka huendesha wiki ya kampeni Ulaya nzima. Badiliko la jina linasimulia mengi. Zamani hoja ilikuwa chumba chenye kompyuta, mtu apate pa kuingilia intaneti. Leo simu iko mfukoni, na hoja imekuwa uwezo wa kuitumia bila kuibiwa, bila kudanganywa, bila kumwomba mjukuu neno la siri.

Kazi ya kuchechemua yenyewe haina mvuto wa kuitazama. Tume ya Ulaya huandika rasimu, kisha hufungua muda wa maoni ya umma. Bunge la Ulaya na Baraza la mawaziri hujadiliana. Halafu kila nchi huandika sheria yake ya ndani. Kila hatua ina mlango, na kila mlango kuna makampuni yenye wanasheria wa kutosha. Asasi ndogo haina wanasheria. Ina mifano halisi, kama ule wa kikaratasi cha tarakimu nne.

Kazi hiyo pia ni ndefu. Sheria ya Ulaya ya ufikivu, inayozitaka benki, maduka ya mtandaoni, simu, vitabu vya kielektroniki na mashine za tiketi vitumike na watu wenye ulemavu, ilipendekezwa Desemba 2015 baada ya miaka ya shinikizo la mashirika kama European Disability Forum, jukwaa la watu wenye ulemavu Ulaya. Ilipitishwa 2019. Ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Na ukisoma hadi vifungu vya mwisho utakuta kwamba mashine za kujihudumia zilizokuwa tayari kazini zinaweza kuruhusiwa kuendelea hadi zichakae, mradi isizidi miaka 20. Maana yake, mtu asiyeona anaweza kukutana na mashine isiyomjali hata kwenye miaka ya 2040.

Hapa Brussels tulipata somo la karibu zaidi. Serikali ya mkoa iliandaa sheria ya kuhamishia huduma zote za utawala mtandaoni. Walioinuka kwanza hawakuwa watu wa teknolojia. Walikuwa walimu wa kusoma na kuandika wa asasi ya Lire et Écrire, kwa sababu wao huwaona watu wazima wasioweza kusoma fomu hata ikiwa kwenye karatasi. Waliingia barabarani pamoja na wanafunzi wao. Sheria ilipopita Januari 2024 ilikuwa imeongezwa wajibu wa kubakiza dirisha la watu, simu na barua ya posta. Iliongezwa pia kisingizio: isipokuwa pale ambapo mzigo utakuwa mkubwa kupita kiasi kwa ofisi husika. Nani atapima ukubwa wa mzigo huo? Ndiyo maana wenzetu hawakukunja mabango.

Ugomvi wetu wa ndani uko hapohapo. Wapo wanaosema tufundishe, tufundishe, mpaka wote wajue. Fedha za Ulaya zinapenda msimamo huo, maana mafunzo yanahesabika na vyeti vinapigwa picha. Mimi nafundisha kila wiki na naamini katika kufundisha. Lakini hakuna darasa litakaloondoa mtetemo wa mkono wa daktari wa Valencia. Alijua alichotaka kufanya. Alihitaji mtu nyuma ya dirisha. Na hata tukifika 80 kamili, wanabaki 20, pamoja na wale wote waliovuka miaka 74.

Denmark inatupa picha ya mbele. Huko barua za serikali zilihamia kwenye sanduku la kidijitali kwa lazima tangu Novemba 2014, kwa kila mwenye miaka 15 na zaidi, isipokuwa aliyeomba msamaha. Mwishoni mwa 2025 shirika la posta PostNord liliacha kabisa kusambaza barua, na visanduku vyekundu karibu 1,500 viling'olewa mitaani. Wadenmark ni miongoni mwa watu wanaojua sana mambo haya duniani, na bado chama chao cha wazee, Ældre Sagen, hakijaacha kupaza sauti kuhusu wanaobaki nje.

Jambo lingine linalotuuma ni fedha za miradi. Mradi ni miaka miwili au mitatu. Ukiisha, mkufunzi anaondoka akiwa ndiyo kwanza ameaminiwa na mtaa. Ufaransa ilianza 2021 kuajiri washauri wa kidijitali 4,000 kwa bajeti ya euro milioni 250; miaka michache baadaye ruzuku ikaanza kupunguzwa, manispaa zikaachiwa bili. Lakini Ufaransa hiyohiyo ina utaratibu ninaotamani uigwe, Aidants Connect. Mfanyakazi wa jamii anapewa idhini rasmi ya kutenda kwa niaba ya mtu, yakaandikwa aliyoruhusiwa kufanya na kwa muda gani. Bila hivyo, maneno ya siri ya watu huishia kwenye daftari la mfanyakazi. Nimeliona daftari la namna hiyo, na ningepoteza usingizi kama ningekuwa mwenye nalo.

Kama unaishi Ulaya na una mzazi au jirani aliyekwama, usianze kwa kumchukulia simu na kumaliza kila kitu mwenyewe. Uholanzi, maktaba nyingi zina dawati la kusaidia huduma za serikali, bure. Ufaransa kuna vituo vya France Services zaidi ya 2,500, hadi vijijini. Uingereza, asasi ya Good Things Foundation inaendesha ghala la data: asiyeweza kulipia bando anapewa laini bure kupitia vituo vya mitaani. Ubelgiji tafuta kituo cha umma cha kompyuta cha manispaa yako. Na ofisi ikikwambia "tovuti tu", omba ikuandikie hivyo kwa maandishi. Jibu huwa linabadilika.

Mama wa Bukavu alirudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimempigia karani simu hadi akapata miadi. Kikaratasi kilikuwa kipya, na ile namba ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Akaichomeka kadi, akaandika, ikakubali. Mashine ya kuchapa ndiyo iliyogoma siku hiyo.