Saratani Iliyosambaa: Dawa Inapokwama, Mume na Mke Wafanyeje?

Saratani imeshasambaa, lakini daktari bado anatoa dawa. Ni za nini kama haiponi?

Muulizeni hivyo hivyo, na muwepo wote wawili anapojibu. Saratani ikishatoka ilipoanzia na kufika kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, mara nyingi lengo si kuiondoa yote tena. Dawa inatolewa ili kuipunguza kasi, kutuliza maumivu na kumwongezea mgonjwa muda ulio na nafuu. Kuna wanaoishi nayo miaka, wengine miezi, kutegemea aina yake na inavyoitikia tiba. Nyumba huingia kwenye shida pale mmoja anapodhani anatibiwa apone kabisa, na mwenzake anajua sivyo lakini amenyamaza.

Tulikwenda kuchomwa kemo tukarudishwa nyumbani. Tumepoteza nafasi?

Mara nyingi hapana. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na zile zinazotengeneza damu ni miongoni mwake. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya dozi. Seli nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zikiwa zimeshuka mno, kumpa mgonjwa dawa siku hiyo ni kumweka kwenye hatari ya maambukizi makali. Kuahirisha au kupunguza dozi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ila lazima mjue mnashughulika na kikwazo gani, kwa sababu viko viwili na havilingani uzito. Wakati mwingine ni mwili unaohitaji kupumzika. Wakati mwingine ni saratani iliyoizoea dawa. Msiondoke kabla daktari hajawaambia leo ni kipi.

Na kama picha imeonyesha uvimbe umekua?

Hicho ni kikwazo cha pili, saratani iliyoizoea dawa, na kinauma. Ndani ya uvimbe seli hazifanani: dawa inaua zinazoathirika nayo, zilizo sugu zinabaki na kuzaliana. Hakuna aliyekosea. Si chakula alichopika mke, si mume aliyekosa imani. Daktari anaweza kupendekeza dawa nyingine au mionzi, na pengine aseme dawa zilizobaki zitaumiza kuliko kusaidia. Kabla ya kukubali dawa mpya, ulizeni inatarajiwa kufanya nini hasa, madhara yake ni yapi, na itakuwaje msipoitumia.

Mume wangu hasemi chochote tangu majibu yatoke. Nami nikitaka kulia, najifungia bafuni.

Inaelekea mnalindana. Yeye anakuficha hofu ili usivunjike, wewe unamficha machozi ili asikate tamaa, kisha usiku mnalala kila mmoja na yake. Ukimya wa namna hii unachosha kuliko ugonjwa wenyewe, na naona ndilo jambo la kwanza la kushughulikiwa.

Usianze na kifo wala wosia. Anza na lililo dogo na la kweli: "Majibu ya juzi yameniogopesha. Wewe je?" Halafu nyamaza umsikilize, usikimbilie kumwambia atapona. Akisema hataki kuzungumza leo, mkubalie, lakini muulize lini. Wapo wanaoweza kusema mkitembea au gizani, wasiweze mkitazamana. Tengeni pia saa ambazo saratani haitajwi kabisa, kwani bado ninyi ni mume na mke, si mgonjwa na muuguzaji tu.

Kumbuka vilevile kwamba dawa za steroidi, ambazo mara nyingi huambatana na kemo, zinaweza kumnyima mtu usingizi na kumfanya mkali. Huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, kwake au kwako, mwambieni daktari. Inatibika.

Ni dalili zipi hazisubiri asubuhi?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa anayetumia kemo: pigeni simu hospitali mara moja, na msimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kuwasiliana nao. Nyingine ni maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kuchelewa kunaweza kumpoozesha.

Tendo la ndoa je?

Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa. Kemo yenyewe inaweza kutoka na majimaji ya mwili, kwa hiyo tumieni kondomu kwa siku chache baada ya dozi, kwa muda atakaowaambia daktari, na muepuke mimba wakati wa tiba. Hamu ikiisha, kukumbatiana na kulala karibu kusiishe nayo.

Tumeambiwa tuonane na watu wa tiba shufaa. Ina maana tumeachwa?

Hapana. Tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya ugonjwa, inaweza kwenda sambamba na kemo, na ni vyema ianze mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kuwa walioipata mapema waliishi kwa nafuu zaidi, hawakusongwa sana na huzuni, na hata waliishi muda mrefu kidogo. Wataalamu hao hushughulika na maumivu, kichefuchefu na pumzi, na pia na wewe unayeuguza. Wakiandika mofini, dawa kali ya maumivu, msiiogope: ikitumika kwa maumivu kama ilivyoelekezwa, si rahisi kumfanya mgonjwa mraibu. Inachofanya karibu kila mara ni kufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.